Buti za Mutheu

Kimbo, Ruiru,
Alhamisi, 12 Juni 2025.

Mpendwa dada Kavata,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Joto la Doha linakutendaje? Na ule mgongo, bado unakusumbua? Sisi tu wazima. Mama yuko Ngoliba, goti limepata nafuu, na bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwa simu ungenikata kabla sijamaliza.

Ni habari ya binti yako Mutheu. Kozi ya kuchomelea vyuma kule Thika ameimaliza, ile ambayo kina mama wa kanisa letu walimtafutia nafasi alipokuwa akifua nguo za watu Ngoingwa. Mwalimu wake alimwombea kazi kwa Gichuru, mwenye karakana hapa Ruiru. Gichuru amepata kazi ya mageti ya nyumba mpya na wiki ijayo anachukua mafundi. Fundi hapo analipwa vizuri, Kavata, si kama sisi.

Jumatatu nikampeleka. Unajua sisi hatuendi kwa watu mikono mitupu, wala hatupiti nje bila kumsalimia mama wa boma. Nikamvalisha gauni la kanisani na kitambaa kichwani, nikabeba ndengu za Ngoliba, tukabisha nyumbani kwanza, maana karakana iko kwenye ploti hiyo hiyo. Gichuru alikuwa ameenda kununua vyuma. Mkewe, Warigia, akatupokea vizuri, nami nikaanza kumsifu msichana wetu: ana adabu, hachagui kazi, anaamka mapema. Akasema, "Aki ni Mungu amewaleta. Hata leo anaweza anza." Nikashukuru, nikaenda zangu.

Kumbe msaidizi wake wa nyumba alikuwa ameacha kazi. Mutheu aliniona nimeitikia, akapokea aproni.

Tangu siku hiyo anapika na kubeba mtoto wa watu. Saa nne anawapelekea mafundi chai, anasimama kidogo kuwaangalia wakichomelea, kisha anarudi kwa vyombo. Gichuru hajui kwamba huyo ndiye fundi aliyeombewa na mwalimu, na nikimpigia simu hashiki. Kinachoninyima amani ni kwamba Mutheu mwenyewe ameanza kukubali. Jana aliniambia, "Aunty, wachana nayo tu. Ni watu wazuri, na mtoto amenizoea."

Dada, wewe pia ulisema kazi ya nyumba huko Doha ni ya miezi michache tu. Walikuwa watu wazuri, na mtoto akakuzoea. Naogopa sana.

Kesho asubuhi nitaenda. Sibebi ndengu. Nitabeba ovaroli na buti zake, niongee na Gichuru mbele ya mkewe, hata kama Warigia ataniona mkora. Nimemtumia Mutheu ujumbe kumwambia hivyo, na mpaka sasa hajajibu. Labda nimemwaibisha, labda hataki tena. Mama sijamwambia kitu. Kila akipiga anauliza Mutheu ameshatengeneza mageti mangapi.

Nisalimie rafiki yako Amida. Kilonzo wangu na watoto wanakusalimu. Mungu akutunze huko kwa watu, akurudishe kwetu ukiwa bado na nguvu.

Dada yako akupendaye, na ambaye leo hana raha,
Magdalene.

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, Mutheu amejibu: "Aunty kuja na buti. Kuja mapema, kabla nianze vyombo."