Siku Sura za Mama Zetu Zilipotoka Nyeusi

Gihundwe, Cyangugu
9 Oktoba 2005

Mpendwa kaka yangu Jean-Paul,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Baridi ya Liège inakutendeaje? Na kile kifua kilichokusumbua mwaka jana, kimepona? Sisi tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza, na njia ya kwenda Kamembe ni matope matupu. Pikipiki zinateleza, nami naenda shuleni kufundisha viatu mkononi.

Kamera uliyotutumia ilifika siku chache kabla ya harusi ya mdogo wangu Uwineza. Asante sana. Nilipoifungua niliinusa kwanza. Usinicheke. Nilikuwa natafuta harufu ya studio ya Babu Harelimana kule Kadutu, mjini Bukavu, zile dawa zake za kusafishia picha zilizokuwa zikituwasha macho. Hii yako hainuki kitu. Unakumbuka tulivyogombania kuanika picha kwenye kamba kwa vibanio vya nguo? Na lile pazia alilochora ndege ya abiria, Bukavu nzima ikapiga picha mbele yake kama wasafiri, na wengi hawajafika hata Uvira? Yote yalipotea katika vita. Hata picha ya Babu mwenyewe hatuna.

Sasa nikueleze habari ya mama zetu, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unajua kwamba hawakuwa wakisemezana tangu Babu, baba yao, afariki, mwaka ule vita vilipoanza upya na daraja la mpakani likafungwa. Mama yako alimzika peke yake. Mama yangu alikuwa huku ng'ambo, hakuonekana. Tangu hapo salamu zao zilipitia kwetu sisi watoto. Kwa hiyo nilishangaa siku ya harusi kumwona mama yako, Mama Mdogo Véronique, akivuka daraja pale Rusizi ya Pili, amejifunga kitenge kipya. Aliniambia amekuja kwa ajili ya mtoto tu. Picha na dada yake atakubali moja, kisha arudi kabla mpaka haujafungwa.

Niliwakalisha kwenye benchi uani, ziwa nyuma yao likimeremeta. Kati yao angeweza kukaa mtu wa tatu. Nikapiga. Kwenye kioo cha kamera ziwa lilipendeza mno, lakini sura zao zilikuwa nyeusi tii. Mama yangu aliitazama, akauliza, "Hawa ni bantu gani?"

Nikawaomba wakae tena. Nilibonyeza kile kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, nikaongeza. Sura zikatokea, lakini ziwa likaungua, likawa jeupe kama karatasi, na kilemba cha mama yako kikayeyukia humo humo. Nikapunguza, sura zikarudi gizani. Nikawasha flashi, lakini nilikuwa nimesimama mbali, haikuwafikia. Tena jua lilikuwa kali hata kioo kikanidanganya, sikujua picha ipi nzuri, ipi mbaya. Nikavua kitenge cha begani, nikajifunika kichwa pamoja na kamera.

Hapo mama yako akacheka. Alisema ni Papa wao kabisa, alivyokuwa akijifunika kitambaa cheusi nyuma ya sanduku lake la miguu mitatu. Mama yangu naye akatabasamu huku anatazama pembeni. Mimi, mle ndani ya kitenge, nikakumbuka Babu alivyotufukuza dirishani: alitaka mwanga umpige mtu usoni, siyo mgongoni. Nikaelewa. Kamera ilikuwa inalipima ziwa badala ya mama zetu.

Basi tukahamisha benchi barazani, kivulini, ukuta nyuma yao, wao wakitazama ziwa. Baraza ni jembamba, unalijua, ikabidi wakae bega kwa bega. Picha ikaja vizuri, ila upande mmoja wa nyuso bado ulikuwa na kivuli kizito. Babu angeshikisha mtu shuka jeupe. Sisi tulikuwa na bibi harusi. Nikamsimamisha Uwineza kando yao, nje ya picha, pale jua lilipoingia, akatandaza gauni lake, na weupe wake ukawaangaza mashavuni.

Nikiwa bado narekebisha, nikamsikia mama yako, polepole, bila kugeuza kichwa:

"Nilikungojea mpaka wakafukia udongo."

Mama yangu akasema, "Nilifika darajani, Véro. Askari walinirudisha. Nikalala kwa watu pale karibu, kesho yake nikajaribu tena, wakanirudisha. Nilikuwa naona ng'ambo, naona njia ya kupanda kwenu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Mama yako alichukua ncha ya kitenge chake, akamfuta dada yake machozi. Sikuwaambia watazame kamera. Nilibonyeza tu. Ndiyo hiyo ninayokutumia humu, na ukiitazama vizuri utaona mistari yote ya nyuso zao, hakuna iliyozama gizani wala iliyoungua.

Jioni ile mama yako hakuvuka. Alikaa nasi hadi Ijumaa, na nyumba ikajaa Kimashi, Kinyarwanda na Kiswahili cha Kadutu, wakikatizana maneno kama wasichana.

Jumapili iliyopita Mama alivuka daraja kwenda kwao, kwa mara ya kwanza tangu vita. Nilimsindikiza. Tulimkuta Mama Mdogo anatungoja na maua, tukaenda wote kwenye kaburi la Babu. Nilikuwa nimebeba kamera yako, betri zimejaa, jua limekaa pazuri. Nilipoitoa mfukoni, Mama alinishika mkono, akasema, "Gasaro, leo acha. Leo mimi ndio nimekuja kumuzika Papa."

Nikairudisha, nikasimama nyuma yao.

Msalimie sana mkeo Béata na batoto wote. Uwineza na mumewe Valens wanakusalimu. Mama yako anasema uvae soksi nzito. Mungu akulinde katika nchi ya watu, na siku moja akurudishe, barazani bado kuna nafasi.

Ni mimi dadako nikupendaye siku zote,

Gasaro