Fomu Nilizowajazia Majirani

Nyumba ya Kwanza, Nyuma ya Zahanati,
S.L.P. 41.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Kabla ya yote nataka kujua hali yako. Kile kikohozi ulichokitaja katika barua ya mwezi wa tatu kimekwisha, au bado unakitibu kwa ubishi? Mumeo ameizoea kazi ya zamu? Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto hulalamika asubuhi na kunyamaza ifikapo saa nne. Mke wangu anasema hicho ndicho kitu pekee nyumbani humu kinachonyamaza bila kuombwa. Mama yako naye hajambo, ingawa amekonda kidogo. Sababu yake utaiona.

Nakuandikia kuhusu umeme. Mwaka jana mfuko wa serikali wa nishati vijijini ulitangaza kwamba utajenga mitambo midogo ya umeme wa jua katika vijiji kumi vya wilaya yetu. Vijiji thelathini na kimoja viliomba. Kila kaya ilitakiwa kujaza fomu ya matumizi. Kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati, nilifanya kama nifanyavyo kila inapokuja karatasi: nilikaa mezani siku tatu, nikazijaza zote hamsini na mbili peke yangu. Sikuona haja ya kumsumbua mtu. Wengi wao niliwafundisha kusoma, na nilidhani nawajua hadi ndani ya makabati yao. Penye swali la vifaa vya umeme niliandika kweli tupu: hakuna, hakuna, redio moja, hakuna. Nilizituma zikiwa safi, bila hata neno moja lililofutwa.

Tulishika nafasi ya ishirini na tisa.

Aliyeumia zaidi ni mama yako. Wajua kwamba hukusanya maziwa ya kijiji kizima na kuyapeleka mjini asubuhi kwa pikipiki. Ya jioni hayana pa kulala, hivyo mengi hurudishwa kwa ndama. Sasa kiwanda kimemwambia wazi kwamba kuanzia mwakani hakitapokea maziwa yasiyopozwa. Tangi la kupozea bila umeme ni pipa tu. Kwa hiyo hazungumzii tena kuongeza biashara. Anazungumzia kubaki au kufunga, na kaya zinazomtegemea zitafunga pamoja naye.

Mwezi uliopita akaja mhandisi wa mfuko, mama mmoja mfupi mwenye kofia pana. Watu wamempa jina la Bi Kivuli, maana kila afikapo hupima kwanza vivuli vya miti na mapaa. Nilimuuliza tulikosea wapi.

"Mwalimu, fomu zako ndizo nadhifu kuliko zote," akasema. "Tatizo ni kwamba zinasema hamhitaji umeme."

"Zinasema ukweli. Hakuna mtu hapa mwenye friji."

"Atakuwaje na friji mahali pasipo na umeme?"

Mama yako alikuwa akisuuza madebe, wala hakuinua kichwa. "Kaka yangu ndivyo alivyo," akamwambia mgeni. "Ukienda kuazima jembe kwake, atakuuliza kwanza mavuno yako yako wapi."

Nikashikwa na udadisi. Nilimweka Bi Kivuli kitini hadi chai ikapoa. Fedha hizi hutoka wapi? Nani huamua? Alinieleza kwamba sehemu hutoka hazina, na sehemu hukatwa kwa kila mtu wa mjini anunuapo umeme. Tafadhali itazame risiti yako, mstari wa chini, ule ambao hakuna anayeusoma. Je, uliwahi kuuona? Kumbe miaka yote hii umekuwa ukiwachangia taa watu usiowajua, na hukuwahi hata kujivuna.

Nikamuuliza kwa nini basi wasianze na kijiji chenye giza kuliko vyote. Jibu lake nimelitafakari sana. Mfuko hulipia kujenga, haulipii kuendesha. Mtambo usio na wateja hufa baada ya miaka miwili, ukabaki kuanikiwa nguo. Tena taa zetu tungeziwasha usiku, ilhali jua huwaka mchana, na betri zikishajaa, umeme wa saa saba usiotumika hupotea kama maziwa ya jioni ya mama yako. Kwa hiyo wao hutafuta kwanza kijiji chenye kazi ya mchana. Sisi tulikuwa nayo, ila mimi sikuiandika.

Bahati yetu ni kwamba kijiji kimoja kilichochaguliwa kimejitoa kwa ugomvi wa kiwanja. Tuliokosa tukapewa siku ishirini na moja za kuomba upya.

Safari hii nilibisha hodi. Mwashi, ambaye nilimwandikia "hakuna", ana mashine ya kuchomelea vyuma aliyoihifadhi kwa shemeji yake mjini miaka sita sasa, imefunikwa blanketi. Fundi viatu, ambaye sijapata kumsikia akisema zaidi ya maneno matatu, alinieleza saa nzima habari za cherehani ya kushonea ngozi. Mkunga anataka taa moja tu, nayo aitaka nje. "Nataka nimwone anayeniamsha kabla hajaanza kulia," akasema. Nilipokuwa nikijumlisha matumizi, muuza mkaa, niliyemrudisha darasa la tatu mara mbili, alichungulia karatasi akaniambia, "Mwalimu, hapo umesahau kuzidisha kwa saa." Nilikuwa nimesahau.

Jioni ya mwisho mke wangu aliniuliza, "Na mimi utaniuliza, au nimekwisha kujazwa?" Nikamuuliza. Anataka feni, tena isielekezwe upande wangu.

Mpwa wangu, tumeshinda, ila kwa sharti moja. Mtumiaji mkuu wa mchana atie sahihi kwamba atautumia umeme huo kwa miaka mitano, na awepo mtu wa pili atakayeishika kazi hiyo ikiwa wa kwanza atashindwa. Mama yako ana miaka sitini na mmoja. Yeye amekwisha kutia sahihi. Alipoulizwa wa pili ni nani, alitaja jina lako, kisha akarudi kwenye madebe yake.

"Andika tu, Mwalimu," wanakamati wakasema. "Ni mwanawe, atakataaje?" Mama yako naye akasema, "Andika." Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Si lazima urudi kuishi huku. Bi Kivuli anasema waweza kumweka mtu wa kazi, lakini mwenye kujibu habari za tangi utakuwa wewe. Fomu inatakiwa tarehe 28, na ikienda bila jina la pili, nafasi yetu itapewa wengine. Ukikataa, sema hivyo waziwazi. Tutatafuta mwingine, ingawa kwa sasa simwoni, na mama yako nitamweleza mwenyewe kwa maneno yasiyomchoma. Mshauriane na mumeo. Usiniandikie unachodhani nataka kusoma.

Nisalimie mumeo, mwambie nasubiri bado ile mikasi ya kupogolea miti aliyoniahidi. Wifi yako mshonaji mpe salamu zangu, na wajukuu wote wawili uwashike vichwa kwa niaba yangu. Mke wangu anakukumbuka, na mama yako anakuombea kila alfajiri, kwa sauti tunayoisikia nyumba ya pili. Mungu akupe usingizi mwema utakapoamua, lolote utakaloamua.

Nafasi ya pili nimeiacha wazi. Nakuuliza: unataka?

Mimi nikupendaye,
Mjomba wako.