Kadi ya Amosi Imebaki kwa Karani

Kwamkoro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje na baridi hii? Na maharage yamekubali mwaka huu, au mvua imeyaozesha tena? Sisi huku tunachuma chai tumelowa, lakini tunachuma. Mjukuu wako Yohana ameota meno mawili, anang'ata kila kitu mpaka ndala zangu.

Mama, naandika kwa sababu kwenye simu nikimtaja Amosi unakata. Barua huwezi kuikata, labda uichome, na naomba usiichome kabla hujafika mwisho. Najua kwako wewe ni Agnesi, binti yako wa mwisho. Lakini huku, tangu tumekuja, ni Amosi, mwanaume, anabeba magunia ya majani ya chai, na mwanangu ana mjomba.

Basi walikuja watu wa kuboresha daftari la wapiga kura, wakakaa kwenye darasa hapa shuleni. Amosi alitaka kuhamishia huku kadi yake, ile aliyopigiwa picha huko Rangwi akiwa amejifunga mtandio. Wenye watoto wachanga tunapitishwa mbele, na Yohana alikuwa amelala mgongoni kwa Amosi, tukapita wote. Wanawake kwenye foleni wakapiga vigelegele: "Mpisheni baba mzazi! Umejifungua lini, shemeji?"

Amosi akawaambia, "Juzi tu, bado kidonda." Tulicheka sana mama.

Karani akaangalia kadi, akamwangalia yeye. "Mwenye kadi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Bwana, usinipotezee muda. Mwambie dada yako aje mwenyewe."

Wakamwambia aweke vidole kwenye mashine. Mashine ikamkubali, picha ya Agnesi ikatokea. Nikasema asante Mungu. Kumbe hapo ndipo palipoharibika. Foleni nzima ikasogea kuangalia. Wakala wa chama kimoja akasema kwa sauti, "Ala! Kumbe huyu ni mwanamke?" Karani akatia kadi kwenye droo. "Nenda kavae nguo zako za kike, urudi umefanana na picha, nitakupa."

Nyumbani nilimtolea gauni langu la kitenge. Nikamwambia, vaa kidogo tu mdogo wangu, ukichukua kadi unalivua. Alilishika, akalikunja vizuri, akanirudishia. "Dada, waache wakae nayo." Kesho yake wakafunga kituo, wakaondoka nayo.

Sasa kambi nzima ya wachuma chai inajua. Wenzake wa chumbani wamemtolea godoro nje, analala jikoni kwangu. Msimamizi wa shamba naye anamdai kitambulisho, na hana cha kumwonyesha. Haongei mama. Yohana akimtambalia anambeba, basi.

Nilikwenda mahakamani kuuliza. Karani wa pale, mama mtu mzima, alinisikiliza vizuri. Akasema jina linaweza kubadilishwa kwa kiapo, na mzazi akija kuapa inakuwa rahisi. Nikamuuliza, na pale palipoandikwa mwanamke? Akanitazama kwa huruma. "Hapo hakuna pa kubadilisha, mwanangu."

Kwa hiyo hata ukija, kadi itasema Amosi, na chini yake mwanamke, na kila atakapokwenda yatakuwa yaleyale ya darasani. Nalijua hilo mama, silifichi. Lakini njoo. Uape tu kwamba huyu ni yule uliyemzaa wewe. Mimi bado nadhani kuna kitu kitafunguka, ila ukiniuliza ni kitu gani sijui.

Nisalimie bibi, na baba mdogo na wanawe. Nisalimie na mama wa ubatizo wa Amosi. Yeye huwa anamuulizia, mwambie yuko hai, mengine usimwambie.

Nimemwambia Amosi kwamba nakuandikia. Amesema nisijisumbue, hutajibu. Nikamwambia, mama namjua mimi. Akambeba Yohana, akatoka naye nje.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Paulina, Mama Yohana