Mkwe Ameiona Mikono ya Gauni Lake Ukutani Kwetu

Mpendwa mshauri,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu tangu uliponijibu. Niliona haya kukuandikia tena kabla sijautekeleza ushauri wako. Sasa nimeutekeleza, nami naomba msaada wako kwa mara nyingine, kwa maana nyumba yangu haikaliki. Uliniambia kwamba mwalimu mstaafu asishinde sebuleni akiwasahihisha watangazaji wa redio, bali atafute kazi ya mikono. Nimeitafuta, nimeipata, na mke wangu hasemi nami.

Nieleze kwa utaratibu. Sebule yetu ina ukuta mmoja mpana uliobaki mtupu tangu binti yetu alipoolewa na kuhama na kabati lake, na ukuta huo una doa la maji yaliyovuja zamani, doa ambalo kila mgeni hulitazama kabla ya kututazama sisi. Nilikwenda kwa muuza picha kuulizia picha kubwa ya kulifunika, na aliponitajia bei nilimshukuru, nikaaga, nikaondoka. Njiani nikajiambia kwamba picha ni kitambaa na mbao tu, na vyote viwili viko nyumbani.

Mke wangu alikuwa amekwenda kwa binti yetu aliyejifungua, kumsaidia kulea, hivyo nilikuwa na nyumba peke yangu. Nilichukua chaga za kitanda kilichovunjika nikaunda fremu yenye upana kupita mikono yangu miwili iliyonyooshwa, nikawamba shuka la zamani kwa misumari midogo, nikalipaka rangi nyeupe iliyobaki dari ilipopakwa, nikaliacha likauke uani. Nilichagua kipepeo, kwa sababu mtu asiyejua kuchora anaweza kuchora nusu yake tu kwenye magazeti yaliyounganishwa, kisha akayageuza na kupata nusu ya pili inayolingana na ya kwanza bila kukosea. Jirani yetu, fundi redio, alichungulia juu ya ukuta wa ua akasema, "Mwalimu, umestaafu au umerudi chekechea?" Nikaendelea kuchora.

Rangi za mabawa ndizo zilizonishinda kununua. Sasa ujue kwamba mke wangu ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho mahali pake pa kazi. Chini ya meza yake ya kukatia kuna gunia ambalo nimeliona miaka yote likiwa limefungwa mdomo, nami nilijua kwamba ndani yake mna vitambaa vilivyobaki, na kilichobaki, kwa akili yangu, ni kitu ambacho kazi yake imekwisha. Nililifungua. Nilitarajia vichakavu vya kufutia mashine, nikakuta vipande vya maana, kila kimoja kimeviringishwa na kufungwa kwa uzi, na ndani ya kila kimoja mna kifungo kimoja au viwili, nikafurahi kupita kiasi, kwa kuwa mabawa ya kipepeo yana madoa na madoa yalikuwa yamejileta yenyewe. Kulikuwa na kitambaa cha buluu chenye maua ya njano, kizuri kuliko vyote; nikakikata vidogovidogo kama magamba ya samaki, nikavibandika kimoja baada ya kingine kwa gundi niliyoipika kwa unga wa ngano. Kilitosha bawa moja la juu, lenye urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kiganjani, kikaisha, jambo lililoniudhi sana, kwa sababu kipepeo ana mabawa mawili ya juu na yanapaswa kufanana, ikanibidi la pili nilibandike kitambaa cha kahawia. Ya chini niliyajaza vitambaa vya kila rangi, vifungo nikavishona kwa mkono wangu mwenyewe, nikajichoma vidole vyote. Nikaitundika picha. Doa halikuonekana tena. Mshauri, nilisimama mbele yake nikajipigia makofi.

Mke wangu alirudi akisindikizwa na mama mkwe wa binti yetu, ambaye naye alikuwa huko kumwona mjukuu. Waliingia pamoja. Mke wangu alisimama mlangoni na kikapu mkononi, akaduwaa, nami nikadhani ameduwazwa na uzuri. Mkwe nilimkaribisha kwenye kiti cha wageni, ambacho kwa majivuno yangu nilikuwa nimekigeuza kielekee ukutani. Alipokea chai, akatazama juu, akakirudisha kikombe mezani bila kunywa.

"Mkwe," akamwambia mke wangu, "kile kitambaa cha buluu si changu?"

Mke wangu alikitua kikapu sakafuni.

"Si ndicho nilichokuletea unishonee gauni la harusi ya watoto, ukaniambia hakitoshi mikono? Nimekaa harusini mabega wazi, mtu mzima mimi, najifunika mtandio mpaka jasho linanitiririka, kumbe mikono yangu iko kwenu inaruka!"

Mshauri, ualimu ulinipanda kichwani. Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba kuchukua kisicho chako ni wizi, hata kikiwa kipande cha chaki. Nilimgeukia mke wangu nikamuuliza palepale, "Je, ni kweli?" Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba.

"Muulize kipepeo wako," akasema, akaingia chumba cha mbele, akafunga mlango. Mkwe naye akachukua mkoba wake akaondoka, na chai ikabaki.

Tangu siku hiyo cherehani haijasikika. Mkwe ameyasema aliyoyaona, na sasa wateja wanakuja nyumbani, hawasalimii, wanasimama mbele ya ukuta na kutafuta vitambaa vyao. Muuguzi wa zahanati alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa bawa, akasema, "Haya, hii mistari ni yangu." Mama mmoja amekuja kuchukua kitambaa ambacho hakijakatwa hata kidogo, akasema atakipeleka kwingine, na mke wangu akamkunjia, akamkabidhi. Mezani ananiwekea chakula, anaweka na maji, kisha anakwenda kula chakula chake chumbani mwake mwa kazi. Jina lake alilolijenga kwa sindano linabomoka kwa sababu ya picha yangu, na mimi sijui kama linabomoka kwa haki.

Nimeduwaa, mshauri. Sielewi niliishi na nani. Je, nimtake aombe radhi kwa wateja wote hadharani? Je, niiteremshe picha, nionekane ninaficha ushahidi? Au nizunguke mimi mwenyewe nyumba kwa nyumba, nikiwarudishia watu magamba yao ya nguo? Nisaidie haraka. Nitakuandikia mara uamuzi utakapofikiwa.

Mstaafu aliyepigwa na butwaa

*

Mzee mwenzangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka na ya pili nimeshika kichwa. Pole kwa mshtuko. Nami nimeshtuka, ila hatukushtukia mahali pamoja.

Tuanze na la heri. Kupata picha kubwa kutoka kwenye chaga za kitanda, shuka la zamani na uji wa ngano ni kazi ya kusifiwa, na ningependa kuiona. Basi, sifa zimeishia hapo.

Gunia lilikuwa limefungwa. Lilikuwa chini ya meza ya kazi ya mtu mwingine, na mwenyewe alikuwa safarini, akimbeba mjukuu wako. Ukalifungua. Kisha unaniandikia habari za kipande cha chaki! Mwanafunzi wako angelifungua dawati lako namna hiyo, ungemwita mbele ya darasa, na ninashuku ungemwita na mzazi wake.

La pili ni baya zaidi. Mkwe alimuuliza mkeo swali, na kabla hajameza mate wewe ukageuka hakimu. "Je, ni kweli?" Mbele ya mkwe! Mtu uliyeishi naye mpaka mkamwoza mtoto pamoja, ukamsomea mashtaka sebuleni kwake, chini ya ushahidi ulioutundika wewe. Ningekuwa mimi, huo mlango ungefungwa kwa nguvu zaidi, na chakula ungejipikia.

Sasa unataka ukweli. Umeniandikia mwenyewe, ukapita bila kuuona. Umesema kitambaa cha buluu kilitosha bawa moja lenye urefu wa mkono wako, kikaisha, ukaudhika kwa kuwa kipepeo ana mabawa mawili. Nami nakuuliza, mzee: mkwe wako ana mikono mingapi? Kitambaa kilichokosa kumtosheleza kipepeo wako ndicho hichohicho kilichokosa kumtosheleza mkwe. Ulitaka fundi amshonee mama wa bwana harusi gauni la mkono mmoja? Mkeo alikwambia umuulize kipepeo. Hakuwa anakukejeli, alikuwa anakujibu.

Halafu vifungo. Anayeiba vitambaa huviuza, au huvigeuza foronya. Hakai akiviringisha kimoja kimoja na kukifunga pamoja na kifungo cha nguo ileile. Anayefanya hivyo anamngoja mwenye nguo arudi siku atakapochanika kwapa au kupoteza kifungo, amtilie kiraka kisichoonekana. Muulize huyo muuguzi kama sare yake haijawahi kurudi kutoka kwa mkeo ikiwa nzima kana kwamba haikuchanika. Sikuwapo, na ninaweza kukosea. Ndiyo maana ningetaka umuulize mkeo, jambo ambalo kwa barua yote hii hujalifanya hata mara moja ukiwa naye peke yenu.

Mkeo naye simwachi hivihivi. Kitambaa ni cha aliyekinunua, na kikibaki aambiwe: "Mama, kimebaki hiki, nikutunzie au uende nacho?" Sentensi moja tu ingemwepusha na haya yote. Mwambie nimesema. Lakini usimwambie leo.

Leo utafanya hivi. Utabisha kwenye mlango wa chumba cha mbele, maana ni chumba cha mtu. Utasema, "Nilifungua gunia lako bila kukuomba, na nikakuaibisha mbele ya mkwe." Hapo utanyamaza. Usitie "lakini". Usieleze habari za doa. Akilia, kaa, akikufukuza, toka, urudi kesho useme hayohayo.

Akikuruhusu, mwite mkwe, umkalishe kwenye kiti kilekile, na safari hii useme wewe, si mkeo. Mwonyeshe bawa la buluu, umwonyeshe na la kahawia, kisha umwache ahesabu. Ni mtu mzima, ataelewa, na kama ana moyo atacheka. Alivyoeneza la kwanza ataeneza na hili. Na wateja wanaokuja kuchungulia, simama mlangoni uwaambie kwamba aliyevikata vitambaa vyao ni wewe. Gundi ya ngano hulegea kwa maji ya uvuguvugu, hivyo atakayedai chake, chovya kitambaa, bandua, mpe. Vifungo vyote fumua, urudishe mikononi mwa fundi.

Kuhusu picha, usiiteremshe na usiiache kwa akili yako. Mkeo ndiye atakayesema. Akisema ishuke, ishushe, na mgeni akilitazama doa, mpe chai. Doa halijawahi kumvunjia mtu nyumba.

Umeniahidi kwamba utaniandikia mara uamuzi utakapofikiwa. Barua yako sitaihitaji. Uamuzi ni wa mwenye gunia, nami nangoja aniandikie yeye. Mpe kalamu na karatasi, utoke chumbani. Na akikosea herufi, usimsahihishe.