Hidalgo wa Chumbani Kwetu

Guangzhou, Novemba 1998

Dada Paulina,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na Tabora mvua imeshawakumbuka? Mimi nipo, kitambi tu ndicho kimenihama. Nina jambo la kukuungamia, ila niache kwanza nimlie mtu.

Hapa mtaa wa Xiaobei nilipanga chumba na Anselmo, mfanyabiashara wa Guinea ya Ikweta, kule Waafrika wanakosema Kihispania. Koti lake halikukosa pasi hata siku moja. Mtaji wake ulipokatika nilimshauri twende wote Shahe, kwenye maduka ya jumla, tukabebe marobota ya nguo. Akanitazama kama nimemtukania mama.

"Mimi sibebi, Zakaria. Mimi ni hidalgo."

Akanifundisha taratibu. Zamani huko Uhispania, hidalgo alikuwa mtu wa ukoo bora, ngazi ya chini ya ubwana. Pengine hana hata mbuzi, lakini hatozwi kodi ya mfalme, na akishika kazi ya mikono heshima imekwisha. Babu yake, karani wa Wahispania, alilipenda neno hilo akawarithisha wajukuu.

Nikamuuliza linaliwa na mchuzi gani. Akacheka, nami nikamfanya mtani, kama tunavyowafanya Wazaramo. Nikirudi na wali namwinamia: karibu, mheshimiwa hidalgo. Yeye hujibu ameshakula kwa wakala wa mizigo. Basi mimi mjinga nakula sahani zote mbili, huku namcheka.

Kumbe hakuwa anakula. Homa ya mapafu ilimkuta hana nguvu. Siku ya nne hospitali wakaniita nikachukue koti.

Unajua kazi ya mtani msibani. Nilisimama mochwari nimtanie marehemu kama inavyopasa. Badala yake nikalikunja koti lake, lisiharibike pasi.

Sasa ungamo langu. Wewe huko unawatambia watu kwamba mdogo wako ni tajiri wa China. Dada, biashara yangu ilikufa tangu Machi. Marobota ya Shahe nayabeba mimi, kwa bega hili la kushoto, na miezi yote hii nimekuandikia barua za kihidalgo.

Msalimie shemeji, na mama mdogo muuza asali. Mwambie Zakaria ni mpagazi, kama babu zetu waliobeba pembe hadi pwani. Na siku nikikuandikia kwamba nimeshiba, niulize nimekula nini.

Mdogo wako,
Zakaria