Nimepita Mlango wa Uani

Bagamoyo,
Mwanzo wa Mfungo Saba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukiinama? Na Baba, kile kikohozi kimemwacha? Mimi sijambo. Nakula, nalala, na madarasa ya watu wazima yanaendelea. Wanafunzi wangu ni wazee watupu, wananiita mwalimu hata sokoni mbele za watu, mpaka naona haya.

Sasa kaa vizuri nikupe habari uliyokuwa unaiogopa. Nimekwenda kwa kina Dada Mwanaidi.

Sitakuficha, hata mimi niliogopa. Tangu Mama Mkubwa afariki, nawe ukashindwa kufika mazikoni kwa sababu Rufiji ilifurika na barabara ikakatika, hatujapata neno lolote kutoka kwa watoto wake. Ukasema wamekasirika, kwamba dada yako wa tumbo moja amezikwa bila wewe. Na hao ndio walionilea kila likizo. Dada Mwanaidi alikuwa akinisuka, Kaka Shabani akinibeba mabegani kwenda kuoga pwani. Nikajiuliza, wakinifukuza nitauweka wapi uso wangu?

Ijumaa baada ya alasiri nikavaa vizuri, nikanunua sukari na biskuti, nikasimama mlango wa mbele nikapiga hodi.

"Nani?" Sauti ya Dada Mwanaidi ni ile ile, kali.

"Mimi Zuhura. Zuhura wa Kilwa, mtoto wa mama yenu mdogo."

Kisha nikamsikia: "Muongo huyo! Zuhura ninayemjua mimi hapigi hodi mlango wa wageni. Kama ni yeye kweli, atazunguka uani."

Nikazunguka mbio, viatu mkononi. Nikamkuta anacheka na machozi yanamtoka. Akanikumbatia, halafu akaiona sukari.

"Na hii? Umekuja kuposa?"

Kabla sijajibu akanisogezea mbuzi ya nazi. "Haya, kuna. Wali hautajiunga wenyewe."

Nikakaa na nguo zangu za Ijumaa, nakuna nazi huku nalia, wala sikuona aibu. Sijawahi kushukuru kupewa kazi namna ile.

Magharibi Kaka Shabani akarudi kutoka dukani kwake. Amenenepa, na mvi zimeshamwingia. Akanitazama juu mpaka chini akasema, "Huyu habebeki tena." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Tulipokwisha kula ndipo nikatoa lililonileta. Nikawaomba radhi kwa niaba yako. Kaka Shabani akashangaa.

"Radhi ya nini? Mto ulifurika, nani hakulijua hilo? Sisi tulidhani Mama Mdogo ndiye aliyetukasirikia, kwa kuwa tulizika bila kumngoja."

Kumbe, Mama, muda wote huu mlikuwa mnaogopana tu! Niliposikia hivyo nilimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka Dada Mwanaidi akaniambia nisiwaamshe watoto.

Kisha akanishika mkono akanipeleka chumbani kwa Mama Mkubwa. Chini ya kitanda kuna sanduku lake la mbao, limefungwa.

"Nguo zake hizo," akasema. "Watu wanatusema kwa nini hatuzigawi, na arobaini ilikwisha pita zamani. Waache waseme. Wa kuzigawa ni mdogo wake."

Nisalimie sana Baba, na mwambie watoto hawa wa shemeji yake wanamwombea afya. Mdogo wangu Hamisi mwambie Kaka Shabani anauliza kama bado anawakimbia kaa. Mama Asha jirani yetu mpe salamu zangu, na asante kwa kukuchotea maji wakati goti linapokuuma.

Njia sasa ni kavu na mabasi yanapita. Dada Mwanaidi amekaa hapa pembeni ananitazama ninavyoandika, na maneno haya ni yake, nimeyaandika kama alivyoyatamka: "Mama Mdogo, ufunguo ninao mimi. Njoo nikukabidhi."

Mwanao akupendaye,
Zuhura