Jembe Halitiwi Motoni

Tororo, 6 Machi 1944

Mdogo wangu Among,

Pokea salamu zetu, wewe na mumeo Egesa na mama mkwe wako, na Benedeta umpakate kwa niaba yangu. Huku tu wazima, ila mvua imechelewa na watu wamekaa na mbegu mikononi. Meno ya mtoto yameshatoka?

Umeuliza utashonaje hayo makoti makuukuu ya jeshi mnayouza bila sindano. Vita vimemaliza sindano hata hapa stesheni, na bado nashona kila siku. Chukua shazia ya mama, ile ya kushonea mikeka. Toboa kwanza, uzi ufuate. Kufumua, tumia mwiba wa nungunungu, hauchani kitambaa. Spoki ya baiskeli ukiinoa kwenye jiwe inapenya hata kola.

Lakini pasi ndiyo kubwa. Tia jembe motoni, lipanguse kwa jani la mgomba, tandika kitambaa cha maji juu ya koti, ukandamize. Usitafute urembo. Pita kwenye mishono, kwapani na kolani, polepole, mpaka usikie mlio kama wa ufuta kikaangoni. Hayo ni mayai ya chawa yanapasuka. Makoti hayo yamelalwa na wengi, na hapa tumeshazika watu kwa homa ya chawa. Koti lisilopigwa pasi lisilale nyumba moja na mtoto.

Dada yako,
Akiteng

Busia, 19 Machi 1944

Dada Akiteng,

Barua yako imetukuta salama, na meno ni mawili, ananing'ata nayo. Mvua imefika, tunapanda.

Egesa aliponiona na miiba na spoki aliuliza, "Wewe ni fundi au mganga?" Amecheka, lakini makoti yanashoneka vizuri.

Pasi ndiyo imenishinda. Nilipolishika jembe, mama mkwe Specioza hakupiga kelele. Alisema, "Nilipoachwa mjane, jembe ndilo lililonilisha na watoto. Katika boma hili jembe halitiwi motoni. Ukilichoma, umechoma mbegu zetu." Akayakusanya majembe yote, akayalaza chini ya kitanda chake. Nikiazima kwa jirani nitakuwa nimemtangaza. Nilijaribu jiwe bapa, likapasuka na kuunguza mkono wa koti. Nikasema basi niyachemshe, Egesa akakataa. "Koti likijikunja, nani atanunua?"

Makoti yamelundikwa tunapolala, kwa kuogopa wezi. Benedeta anapenda kulala juu yake.

Mdogo wako,
Among

Tororo, 27 Machi 1944

Mdogo wangu,

Salamu, na nisamehe zikiwa fupi, maana barua yako imeninyima usingizi. Mtoe mtoto juu ya makoti leo. Mama mkwe wako namheshimu, lakini mbegu zitapandwa tena mwakani.

Namtuma Oketcho, yule wa baiskeli, akuletee jembe langu. Hili si la boma lenu, ni la Tororo, halina mwiko wa mtu. Litie motoni.

Dada yako,
Akiteng

Busia, 21 Aprili 1944

Dada mpenzi,

Tunakushukuru, na mama mkwe anakushukuru kuliko sote. Oketcho ni mtu wa adabu zake: alifika, akamuulizia mkubwa wa nyumba, akamkabidhi yeye. Mama Specioza alilibusu lile jembe. Alisema hajawahi kupewa zawadi na upande wa wakwe, akakuombea, akaenda kulima nalo siku hiyohiyo. Ningemnyang'anyaje, dada?

Shemeji yangu Odwori, anayetembeza makoti, alilala na homa kali hadi tukamwita padri. Kisha ikamtoka yenyewe. Aliamka akadai samaki. Na mimi nilipata joto, kichwa kikauma siku chache, lakini limekwisha, nimepoa kabisa. Usije kwa ajili yangu, shamba lako litakushinda.

Koti moja nimelipunguza, la Benedeta. Limempendeza sana.

Mdogo wako,
Among

Tororo, 29 Aprili 1944

Among,

Mko wazima? Nauliza nikiogopa jibu. Homa hiyo humwacha mtu, akashukuru, akala, kisha humrudia. Ndivyo ilivyowafanya wale tuliowazika. Kupoa kwako si kupona. Nenda hospitali ukiwa na nguvu za kutembea. Mvue Benedeta hilo koti. Msomee mama mkwe barua hii, kila neno.

Nilifunga safari nikarudishwa. Askari wameziba njia ya Busia kwa sababu ya homa, hapiti mtu. Padri peke yake ameruhusiwa, ndiye anayeichukua barua hii.

Dada yako

Tororo, 20 Mei 1944

Mdogo wangu Among,

Salamu. Sijapata jibu. Kama mkono hauna nguvu, tuma hata uzi, nitaelewa.

Dada yako

Busia, 11 Juni 1944

Mwanangu Akiteng,

Mimi ni Specioza, mama yake Egesa. Anayeandika ni katekista, maneno ni yangu. Nakusalimu, ingawa hali ya nyumba hii si ya kuulizwa.

Odwori alirudiwa na homa, tukamzika. Among alirudiwa siku padri alipoleta barua yako. Ilisomwa akiwa hasikii tena. Tumemlaza nyuma ya nyumba, karibu na mihogo aliyoipanda. Alikuwa mkwe mwema. Mara mbili alitaka kuniambia kitu kuhusu jembe lako, nami nikadhani anaona wivu juu ya zawadi yangu.

Katekista amenisomea barua zako zote, tangu ya kwanza. Nilimaliza kusikiliza, nikaenda shambani, nikalitoa jembe lako udongoni, nikalitia motoni kwa mkono wangu. Nimepita kwenye mishono kama ulivyosema, makoti yote, hata lile dogo. Mlio ule nimeusikia. Katika lile dogo ulikuwa mwingi kuliko yote.

Benedeta alikuwa na homa tangu Jumapili iliyopita. Leo asubuhi amepoa, amekula uji, anacheka. Majirani wamekuja kushukuru na wanaimba hapa uani ninapoyasema haya. Mimi nimekaa naye mapajani, na siwezi kuimba.

Njia imefunguliwa. Njoo, mwanangu.

Mama yako,
Specioza